Beki Mmoja kwa Wawili

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Chakula cha mchana mgahawani kwa Ezéchiel, Yeoville, hapa Johannesburg. Samaki, fufu, ubishi. Swali la leo: Nyaboke ana thamani gani? Beki wa mpira wa magongo wa ukumbini, Mkisii, nguzo ya timu ya Johannesburg. Katika ligi yetu klabu hazinunuani wachezaji, zinabadilishana tu, mtu kwa mtu. Durban wanamtaka. Wanatoa mshambuliaji mmoja.

Ezéchiel, kutoka jikoni: nani anabomoa ukuta wa nyumba ili apate mlango?

Ogutu, kocha wa Nyaboke, alicheka hadi akapaliwa. "Umesikia, Masika? Wawili au hakuna!"

Nikasema mmoja ni haki, na ndivyo nitakavyoandika gazetini. Ana miaka thelathini na mbili. Anasoma mchezo kuliko wote, lakini mbio zinamwisha kipindi cha pili. Ogutu akasema mimi ndiye mbio zimeniisha. Sawa.

Jioni Nyaboke alipiga simu. "Auntie, mimi nataka kwenda tu." Mumewe, Kip, anafanya kazi bandarini Durban. Binti yao ameanza shule huko na sasa anamwita mama kwa Kizulu. Akaniomba nisiandike hayo. Siandiki.

Jumatatu, 11 Agosti

Ogutu kapiga asubuhi. Pretoria wameweka wawili mezani — mshambuliaji na kipa chipukizi! "Hii ni yako peke yako, dada. Jina langu usitaje." Nikaahidi.

Chanzo kimoja si habari. Nikampigia Lorraine, wakala wa wachezaji kadhaa wa Pretoria. Akathibitisha bila kusita: wawili, mshambuliaji na kipa. Vyanzo viwili. Nikaandika. Nikaongeza kwamba soko limesema, na mimi Jumamosi nilikosea: mmoja hatoshi.

Jumanne, 12 Agosti

Durban wamejitoa. Hawana wawili wa kutoa.

Ujumbe wa Nyaboke: "Auntie, si ulisema mmoja ni haki?"

Ogutu hapokei simu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepanda treni hadi Pretoria. Meneja wao ni Pandu, Mzanzibari, mpole mno. Kanikaribisha chai, kasoma habari yangu kwenye simu yake, kisha kaisoma tena.

"Bibi wee! Wawili? Mimi benchi langu lenyewe tupu. Huyo Nyaboke hatujamuulizia hata siku moja."

Nilimpigia Lorraine nikiwa bado kwenye ngazi zao. Nani alikuambia? Akajibu: Ogutu, Jumapili. Alimwambia nikipiga athibitishe tu, "Masika ni mtu wetu."

Kwa hiyo vyanzo vyangu viwili vilikuwa mdomo mmoja. Kila mwanafunzi niliyemfundisha kazi hii nimemwambia amuulize mtu amejuaje. Lorraine sikumuuliza. Habari yake ilikuwa imetoka kwa Ogutu yuleyule, mtu niliyemsimamia mtoto wake ubatizo, nami sikujua.

Mtu wetu!

Alhamisi, 14 Agosti

Nilimfuata Ogutu ukumbini Bez Valley, wachezaji wakipasha misuli moto wamevaa majaketi. Hakukana. Hata sauti hakuishusha.

"Sasa ulitaka nifanye nini? Nimwachie beki wangu aende hivihivi?"

Nikamwambia angeomba wawili waziwazi, kama kocha.

"Sikutaka wawili, Masika. Nilitaka Durban waondoke. Wakubwa wa klabu walikuwa washakubali mmoja. Nikiwaambia mimi, ni kocha analia. Ukiandika wewe, wanaamini."

Neno hilo nalinukuu kama lilivyosemwa. Miaka yote nimefikiri jina langu linanilinda mimi.

Nikasema Nyaboke naye ni mtu wetu. Ana mtoto Durban.

"Mtoto anakua. Msimu haurudi." Kisha, akifunga kamba za viatu: "Na uliahidi hutataja jina. Ukivunja, eish, nani hapa Jo'burg atakuambia kitu tena?"

Nyaboke alikuwa upande wa pili wa ukumbi, akitupima kwa macho. Hakuja. Nami sikumwendea.

Ijumaa, 15 Agosti

Dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa leo saa kumi na moja jioni.

Nimeongea na Durban. Watarudi na mshambuliaji yuleyule, iwapo wakubwa wa Johannesburg watakubali. Nimeongea na wakubwa. Wanasema kocha amewahakikishia tena asubuhi hii kwamba Pretoria wanakuja. Nikawaambia Pandu amekana; wakanijibu: Meneja gani hakani, mpaka atie saini? Masahihisho bila jina hayatamtoa Nyaboke hapa.

Ahadi niliitoa kwa mtu aliyekuwa ananipa habari. Aliyenipa uongo sina ahadi naye. Hivyo ndivyo ningemwambia mwandishi mwingine yeyote, bila hata kuinua kichwa.

Nimeandika. Sentensi ya kwanza: hakuna ofa ya Pretoria, na haikuwahi kuwepo. Ya pili ina jina la Ogutu.

Nimempigia nimsomee, apate kujibu kabla haijatoka. Kapokea. Nyuma yake filimbi, magongo yakigonga mbao. Nikamsomea zote mbili, polepole.

Nilitegemea matusi. Hakutukana. Akapaza sauti, si kwangu:

"Nyaboke! Weka gongo chini, njoo! Auntie yako ananiuliza aniandike gazetini au asiandike. Njoo umjibu wewe. Hapahapa, mbele ya wenzako."

Filimbi imenyamaza. Magongo pia. Akisema niandike, kisha akose kwenda Durban, Jumatatu anarudi kwa kocha huyu huyu — na Ogutu anajua kwamba ninajua hilo.

Simu iko mezani, spika imewashwa, naandika haya nikisubiri. Nasikia raba zikikwaruza sakafu ya ukumbi. Mtu anavuta pumzi karibu na simu.

"Auntie?"