Ile Avi Uliandika Haijasomwa Burungu

Riziki, mutoto wa tumbo langu,

Barua hii sikuifunga. Nimeikunja tu na kumupa mwenye pikipiki anayeshuka Goma, ipate ndege ya Kinshasa, nikamuambia mwenye kutaka kuisoma njiani asome, hata wale askari wa ku barrière. Ikikufikia na alama za vidole vya watu, usishangae.

Kwanza niambie, unakula? Wanasema kule Kinshasa mutu analala bila hata shuka juu ya joto, na mimi moyo yangu inaniambia mbu watakumaliza. Ile sweta nilikufumia, ulinijibu kama, Mama, huku sweta ni ya wagonjwa. Niliicheka ile maneno juma nzima. Leo ninaandika na kicheko hakiko.

Unakumbuka avi za kanisa, yale matangazo misa ikiisha? Katekista wetu Papa Anselme macho yake ilikuwa imechoka, njo alikuita wewe umusomee kisha misa. Ulikuwa mufupi, wakakuwekea kibao chini ya miguu, lakini sauti yako ilifika mpaka kwa wale wanasimamaka inje na mbuzi zao. Avi ya ndoa: huyu anataka kuoa yule, mwenye kujua kizuizi aseme. Avi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, nani ataleta jembe na nani ataleta maji. Avi ya mbuzi imepotea. Siku moja avi ilikuwa ya papa yako mwenyewe, kama zamu yake ya kufagia kanisa ilipita na hakuonekana. Uliisoma yote, jina yake na jina ya babu yake. Watu wakacheka, na yeye akacheka kichwa chini. Tulipokuwa tunapanda kurudi nilikuuliza kwa nini haukuruka pale. Ukaniambia, "Mama, avi haina ndugu."

Nilikuwa ninawaeleza watu ile maneno yako miaka yote. Nilikuwa ninajisifu nayo.

Na ile siku tulishindwa ku baraza, ungali unaikumbuka? Papa yako alikuwa na neno na Papa Kibira juu ya mupaka wa chini, kandokando ya kijito. Washauri wa mwami, mutawala wetu wa mila, wakasimama mumoja mumoja, kila mutu akasema mbele yetu: mimi ninaona hivi, sababu yake njo hii. Kwetu mushauri hasemi mu sikio ya mwami. Akisema mu sikio, watu wanamuita muchawi. Tukapoteza ile kipande, na wewe ukakasirika, ukakataa hata viazi. Papa yako akakuambia, "Nimeshindwa, lakini nimesikia." Kesho yake akaenda kumusaidia Papa Kibira kupanda miti ya mupaka, wakakunywa pamoja kasiksi ya kwanza ya ndizi. Ulimuangalia sana. Kisha kumuzika papa yako, wewe mwenyewe uliniambia kama ile siku njo ilikupeleka ku masomo ya sheria.

Sasa nikuambie vile mambo ilipita huku Burungu, kwa sababu mu telefone haukuniacha nimalize.

Wakati tulikuwa tunapalilia maharagi ulinipigia. Nilikuwa juu ya Mulinde, ku shamba letu, na unajua ni ku kilima ile tu njo rezo ya telefone inashika. Sauti yako ilikuwa ya furaha. Ukasema umeandika avi kubwa, ya uwezo wa wakubwa wakati huu wa état de siège, huu wakati wanajeshi njo wanakaa mu viti vya watawala. Nini wanaweza kufanya bila kuuliza mutu. Ukasema chefu wako wa biro ameisifu, imepanda mpaka juu. Mimi katika yote ile nilishika neno moja tu, avi. Nikawaza: mutoto wangu sasa anasomea inchi nzima avi, sawa vile alikuwa anatusomea sisi. Nikashuka mbio kuambia wamama. Jumapili tukapeleka kuku ya shukrani, Mama Kahindo, jirani yetu wa toka zamani, akaanzisha wimbo, na kanisa yote ikapiga mikono.

Riziki, tulipiga mikono kwa ile karatasi. Tulicheza nayo mpaka ku altare.

Maharagi ilikuwa imeanza kukauka wakati wanajeshi na mukubwa wao walikuja na kamba na vijiti. Walizungusha Mulinde yote, mashamba na malisho, wakasema ni ya usalama na hakuna mutu atavuka tena. Chefu wa kijiji akauliza ni sheria gani. Yule mukubwa alimujibu polepole, hakugomba hata kidogo. "Si mimi, mzee. Kuna avi toka Kinshasa, inasema niko na uwezo." Chefu akaomba aione. Akaambiwa inatosha ajue kama iko.

Sisi wamama hatukulia ile siku. Unajua kwa nini? Tulisema, kama ni avi, Jumapili itasomwa. Kanisa ikajaa kama Pasaka. Wa makanisa ingine walikuja, Papa Kibira alikuja, yeye ambaye hajaingia mule tangu alimuzika bibi yake. Katekista wa sasa, ule kijana wa Papa Anselme, akasoma ndoa, akasoma salongo, akasoma zamu ya kufagia, akafunga daftari yake. Hakuna mutu aliinuka. Akatuuliza tunangoja nini. Mama Kahindo akamujibu kama tunangoja ile ya kilima. Yule kijana akageuza kurasa mbele na nyuma, masikini, kama vile iliweza kujificha mule, akasema hana.

Inje Papa Kibira njo akatoa ile neno, unisamehe, mimi ninarudilia tu: "Avi moja ni avi. Zikijaa mu kabati ya serikali zinakuwa mavi." Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kisha tukaangalia juu, kamba ilikuwa pale pale.

Wazee wakaenda ku biro ya yule mukubwa kuiomba. Wakarudi na majibu kama ile avi ni siri, haitangazwi, kwa sababu siyo sheria, ni mawazo tu ya kushauri serikali. Njo watu wakanikumbuka. Walikuja ku nyumba kwetu, wakasema, Mama Riziki, wewe uko na mutoto mu zile biro za sheria, mwambie atutafutie yule aliyeiandika, amuombe huruma, atupe hata kopi. Nilijisikia mukubwa ile siku. Niliwapikia chai.

Kwa sababu Mulinde imefungwa, nilienda mpaka Kitshanga kwa kutafuta rezo. Ilikuwa siku ya soko, pikipiki zinalia, ng'ombe zinapita, nikaweka kidole mu sikio ingine. Nikakueleza yote, nikakuomba unitafutie huyo mutu. Nikawaza rezo imekatika, nikasema alo, alo. Kisha ukasema, "Mama, ni ile yangu. Ile mulitolea kuku."

Mwenye kuuzisha ndizi alinipa kiti yake.

Ulisema haukujua kitu juu ya Mulinde, kama uliandika kwa inchi yote na siyo kwa kilima chetu. Ninakuamini. Ukasema avi ni ushauri tu, mwenye kuamua ni mukubwa. Nikakuambia, lakini mukubwa anasema mwenye kuamua ni avi. Nikakuomba uniitumie, ukasema hauwezi, utapoteza kazi, wanaweza hata kukufuata. Na mbele ya kukata telefone ukaniambia, "Mama, tafadhali, usiwaambie kama ni mimi."

Mimi sikusoma, unajua nilikomea wapi. Siwezi kusema kama uliandika vibaya. Labda ni kweli sheria inawapa ule uwezo. Labda kule ndani uliandika kama watu waulizwe kwanza, wapewe fasi ingine ya kulima, na mukubwa akaruka ile mustari. Usiku na muchana ninawaza hivyo, ninakutafutia wema mule ndani. Lakini nitaupataje? Kama ulituandikia neno moja nzuri, imefungiwa pamoja na ile mbaya, na mukubwa njo anachagua ya kutuambia.

Shamba inaniuma, usiseme nimekuwa malaika. Ninapita kandokando ya ile kamba nikiona maharagi yangu imepasuka peke yake na ndege wanakula, ninageuza uso. Lakini kinachonichoma zaidi ni sauti yako. Niliizoea ikitoka mbele ya watu wote, hata wale wa inje na mbuzi zao. Sasa inaongea juu yetu mu chumba, mulango umefungwa, na sisi wenye kusemwa hatuna ruhusa ya kusikia. Mutu mwingine angefanya hivyo ningesema ni serikali, wako vile. Lakini ni wewe, mwanangu, nilikubeba mugongoni ku Mulinde ile ile.

Na ninaogopa, usifikiri siogopi. Barua ya kwanza niliichana. Niliwaza, wakiisoma wakimufukuza? Akikaa kule mbali bila kazi, bila mutu? Kisha nikawaza Mama Kahindo.

Yeye shamba lake lilikuwa jirani ya letu. Saa hii analima kipande cha kuazima kule chini mu maji maji, na maharagi inaoza mbele ya kutoa maua. Kila tukikutana ku kisima ananiuliza kama umemupata mwandishi. Nilikuwa ninamuambia rezo haishiki. Ananijibu, haya, Mungu atasaidia, na mimi ninarudi nyumbani na ile uongo nzito kuliko maji ya bidon.

Jana nilishindwa. Uliniomba nisiseme, lakini Riziki, serikali iko na makabati na askari wa kulinda siri zake. Mimi niko na uso wangu tu, na Mama Kahindo anaujua tangu tulipokuwa wasichana. Nikamuambia kama ni wewe.

Nilingojea anitukane, nilikuwa nimejitayarisha. Alishusha bidon, akakaa juu yake, akafuta miguu udongo polepole. Kisha akaniuliza, "Mule ndani, Burungu imeandikwa?"

Nikasema sijui.

"Na sisi, wametuita nini? Wameandika watu, ao wameandika tu kilima?"

Nikasema sijui, dada.

Akasema, "Basi umuulize tu hiyo. Hiyo haiwezi kumufukuzisha kazi."

Njo ninakuuliza, Riziki. Sikuombi karatasi tena. Nitakuwa Kitshanga kila siku ya soko, nitaacha telefone wazi. Lakini ujue Mama Kahindo atakuja na mimi, na ukipiga, nitaiweka kwa sauti ya wote.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama yako