Dole Gumba Juu

Jumatatu, 10 Februari

Miezi sita na zaidi tangu nitoke Bungoma. Krismasi ilinipata hapa hapa Kitengela. Leo kazi ni ile ile. Kutoa samadi, kunywesha farasi, kupaka matandiko mafuta. Boza la maji limechelewa tena. Vumbi limeingia mpaka ndani ya unga.

Matandiko ya Mzee Sironka, mwenye farasi hawa, ni ya Amerika, mapana na mazito, ukibeba moja unatembea kama mlevi. Mbele yana pembe, nundu ya kuzungushia kamba ukishashika ng'ombe. Mzee alichunga ng'ombe Texas akiwa kijana. Alirudi na matandiko hayo na dole gumba moja na nusu. Nusu ya lile la kulia ilikatwa na kamba ikabaki huko. Wageni wakimuuliza anacheka. Mimi huwa sicheki.

Jioni ameniita. Jackson aliyekuwa akirusha kamba amepata kazi Qatar. Maonyesho ya Kajiado ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mzee anasema ni mimi nitashika fahali mbele ya watu.

Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa.

Jumatano, 12 Februari

Kurusha si shida. Nilikulia nyuma ya ng'ombe wa kulima, kitanzi changu kinapata pembe. Shida inakuja baadaye. Fahali akishanaswa, unazungusha mkia wa kamba kwa pembe ya tandiko, haraka, na farasi anasimama. Fahali anavuta huku, farasi anavuta kule. Kamba inakuwa kama chuma. Wakati wa kuzungusha, dole gumba lazima liangalie juu. Likiingia kati ya kamba na pembe, limeenda.

Kwetu ukifunga ng'ombe kwa mti unabana kamba na dole gumba ili isiteleze. Nimefunga hivyo tangu darasa la tatu. Darasa la sita niliacha shule, kufunga sikuacha. Sasa dole langu linashuka lenyewe kabla sijafikiri.

Leo tulivuta gogo. Dole likashuka kila mara. Mzee akawa anapiga kelele, "Dole juu! Barasa, dole juu!" Gogo halina haraka. Fahali je?

Ijumaa, 14 Februari

Usingizi hakuna.

Mchana tulipaka matandiko mafuta na Mzee. Akiwa na kitambaa mkononi anakuwa mtu mwingine, anaongea polepole. Alisema Wamarekani hawakuanza mambo haya. Wahispania walileta farasi Meksiko, wachungaji wa Meksiko wakajifunza kushika ng'ombe wakiwa juu ya farasi, na Wamarekani wakajifunza kutoka kwao. Hata pembe ya tandiko ilitoka huko. Kisha njia zikagawanyika. Texas ni miiba mitupu kama hapa kwetu. Ng'ombe akiingia kichakani humwoni tena. Kwa hivyo wengi wa Texas walifunga kamba fundo kwa pembe kabla ya kurusha. Ukimnasa, umemnasa, mwanguke pamoja. California ni uwanda mpana. Huko walibeba kamba ndefu ya ngozi, hawakufunga. Walizungusha tu, na mambo yakiharibika wanaachilia.

Nikamwuliza kwa nini basi tusifunge fundo, vidole vikae salama. Akasema fahali wa Kajiado atamwangusha Majivu, na mimi nikiwa juu. Majivu ndiye farasi wangu.

Nikamwuliza, na yakiharibika niachilie?

Kitambaa kikasimama. Akasema, "Mmaasai haachilii ng'ombe. Ukiachilia ng'ombe mbele ya watu wangu, usirudi hapa."

Jumapili, 16 Februari

Sikuenda kanisani. Nilimpigia mke wangu, Nekesa. Anasema mawingu yameanza kukusanyika, watu wanalima, shamba letu bado ni magugu. Nilimweleza habari ya fahali. Akasema, "Baba Mercy, mimi niliolewa na mtu wa mikono miwili. Huyo Mzee mwambie atumie yake."

Ni rahisi kusema ukiwa Bungoma. Nikikataa, kazi imeisha. Kazi ikiisha, Mercy hakai shuleni. Nikikubali na dole liende, nani ataandika kazi mtu asiyeweza kushika koleo? Hata jembe litanicheka. Nimezungusha maneno haya kichwani siku nzima na hayana mahali pa kutokea.

Namchukia Mzee leo. Nimeandika.

Jumanne, 18 Februari

Leo tulitumia ndama mkubwa. Mara ya kwanza dole lilikaa juu. Ya pili pia. Nikaanza kujisifu moyoni. Ya tatu likashuka, kamba ikalichuna. Ngozi imetoka, kucha imekuwa nyeusi. Nililia kidogo, nikajifanya ni vumbi.

Mzee alinitupia glavu yake ya ngozi, aliyotoka nayo Texas. Kubwa sana. Mkono wangu unacheza ndani kama panya kwenye gunia. Nimemwomba aninunulie ya saizi yangu. Amesema hiyo imeona ng'ombe wengi kuliko mimi.

Alhamisi, 20 Februari

Nimeamua kulifundisha dole kwa nguvu. Nimelifunga na uzi lisimame. Nimefagia hivyo, nimechota maji hivyo. Chakula cha mchana ndicho kilinishinda. Ugali bila dole gumba haushikiki. Tonge halina shimo, sukuma wiki inaanguka.

Lemaron, anayechunga ng'ombe wa Mzee, alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Mluhya ameshindwa na ugali! Sasa fahali tumpelekee nani?"

Nikamwambia apande yeye farasi, si yeye ni Mmaasai. Akasema yeye Mungu alimpa miguu. Halafu akaacha kucheka. Akaniambia kwao mtoto akiachilia kamba ya ng'ombe, anaimbiwa nyimbo za dhihaka mpaka awe mzee. Akasema, "Usiachilie, Barasa. Watu wa Kajiado hawasahau."

Nilitaka aseme neno lingine.

Ijumaa, 21 Februari

Tumefika Kajiado na lori. Fahali nimemwona. Mwekundu, shingo kama gunia. Amefungiwa na wenzake kwenye boma nyuma ya uwanja. Alinitazama akitafuna.

Nimemtumia Nekesa ujumbe kwamba niko salama. Uongo.

Jumamosi, 22 Februari

Imeisha. Nitaandika ilivyokuwa.

Watu walikuwa wengi, shuka nyekundu kila upande, na watu wa mjini na simu zao juu. Mzee alisimama getini na kofia yake kubwa. Fahali akatolewa. Majivu alikimbia vizuri, Mungu ambariki. Nilirusha, kitanzi kikapata pembe zote mbili. Watu wakapiga kelele. Nikazungusha.

Dole likashuka.

Nililiona likishuka. Wiki nzima, uzi, ugali, yote bure. Kamba ikakaza, ikabana ncha ya glavu kwenye pembe ya tandiko. Nikasikia dole langu likivutwa ndani. Bado nilikuwa nimeshika mkia wa kamba kwa vidole vingine. Watu wanapiga kelele, "Shika! Usiachilie! Shika!" Nilisikia sauti ya Lemaron. Ya Mzee pia.

Nikafungua mkono.

Niliufungua kwa kutaka, hakuna mtu alinilazimisha. Nikavuta, mkono ukateleza ukatoka ndani ya glavu kwa sababu glavu ilikuwa kubwa. Kamba ikajifungua ikaenda. Glavu ikanasa kwenye kamba, ikaenda nayo. Fahali akazunguka uwanja akiburuta glavu kwenye vumbi, inarukaruka kama inapungia watu. Uwanja mzima ukacheka. Wazee walicheka wakashika magoti.

Fahali hakwenda mbali. Alikimbia moja kwa moja mpaka kwa wenzake bomani, akasimama hapo akihema. Ng'ombe wa jembe hufanya hivyo hivyo kwetu. Ukimwachilia hurudi kwa mwenzake. Nililijua hilo tangu utotoni na sikulikumbuka hata mara moja wiki hii.

Kwenye lori Mzee alinipa mgongo. Kutoka Kajiado mpaka Kitengela. Nimepanga nguo zangu kwenye begi.

Jumapili, 23 Februari

Asubuhi nilinywesha farasi kama kawaida. Sikujua la kufanya lingine.

Lemaron aliniletea glavu. Sehemu ya dole gumba imekatika, kama imekatwa na panga. "Sopa, Barasa," akanisalimia kwa Kimaasai. "Fahali anakusalimia. Anasema dole lenyewe atakula baadaye." Lakini alinipa chai kwanza kabla ya kujimiminia yake.

Mzee alikuja nikiwa napaka tandiko la Majivu mafuta. Akachukua glavu akaigeuza, akaangalia pale palipokatika. Kisha akashika mkono wangu, akalikunja dole gumba, akalikunjua, kama anavyopima mguu wa farasi.

"Linafanya kazi?"

"Linafanya, Mzee."

Akaangalia la kwake. "Mimi sikuachilia," akasema.

Majivu alikuwa akitafuna nyasi nyuma yetu. Baadaye Mzee akasema kamba sitarusha tena, nitatunza matandiko. Kwanza niende nikalime, nirudi mahindi yakishaota. Glavu akaondoka nayo.

Mchana nilikula ugali. Nilitengeneza tonge, nikalitoboa na dole gumba, nikachota mboga. Kucha nyeusi inauma bado.

Jumanne alfajiri naondoka. Nimemwambia Nekesa aazime ng'ombe wa jirani, kamba nitafunga mwenyewe. Jumanne hiyo hiyo usiku nitakuwa nyumbani, na mvua ikikubali, kabla watoto hawajalala.