Kundi la Wanaoondoka

Jumapili, 6 Julai

Shemeji yangu,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, duka la dawa lina wateja na wewe mwenyewe huna haja ya kumeza chochote katika hivyo unavyouza. Sisi huku hatujambo. Dada yako anakula vizuri, mwanetu Chiriku anaongea bila kituo kama alivyozaliwa, na mimi suruali zimeanza kunibana.

Usishangae kuletewa barua kama enzi za wazee wetu. Ukifika mapokezi kwenye kambi hii ya hotelini wanakunyang'anya simu, wanaifungia kabatini, wanakwambia familia za viongozi zinahitaji kutazamana usoni. Basi wakuu wa vyuo vikuu, wake zao na watoto wao wanatazamana usoni asubuhi hadi jioni, na wengine naona wameshachoka na walichokiona. Bahati nzuri nimepatana na dereva wa gari la mashuka. Kila asubuhi analeta masafi na kuondoka na machafu, na huko kwenu anafulia mtaa wa nyuma ya duka lako. Huyo ndiye posta wetu.

Sasa nisaidie, maana nimechanganyikiwa. Siku ya kwanza kila mtu alipewa kitambulisho cha kuvaa shingoni chenye utepe. Kijani ni cha wanaoanza ukuu, bluu cha wanaoendelea, kijivu cha wanaoondoka. Kila kundi lina masomo yake, na familia nazo zinafundishwa kivyao. Wewe unajua kama ninavyojua mimi kwamba muhula wa dada yako wa ukuu wa chuo unakwisha Desemba, na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba ni muhula mmoja tu, kisha tunarudi nyumbani na mimi narudi kwenye kazi yangu ya kushona makochi. Ndiyo maana nimekodi lile jengo la karakana na wewe unanisimamia mpaka rangi. Basi mimi nimepewa kijivu, sawa kabisa. Dada yako amepewa bluu.

Nilicheka. Nikamwambia wamekukosea, twende tukabadilishe. Akasema watarekebisha wenyewe, akaingia kuoga. Alikuwa ametoka kuoga muda si mrefu.

Ratiba yangu mimi imeandikwa "Programu ya Wake wa Viongozi." Neno "Wake" limekatwa kwa kalamu na juu yake wakaandika "Wenza." Tuko wanaume wawili, na mwenzangu ni daktari wa meno mstaafu aliyeanza kusinzia wakati wa ufunguzi na bado hajaamka vizuri. Jana mwezeshaji alitufundisha jinsi ya kuhama nyumba ya chuo bila kinyongo: usiondoke na mapazia, usimpigie mpishi simu kumuuliza mrithi wako anakula nini, usipitepite langoni kuangalia maua. Wenzangu walikuwa wanafuta machozi. Mimi nilikuwa naandika kwa furaha kama mwanafunzi aliyepata swali alilolisoma.

Msalimie fundi rangi, mwambie asinipunje kona za juu.

Shemeji yako


Jumanne, 8 Julai

Shemeji,

Barua nimeipata, ikinukia sabuni. Mimi ni mzima, mafua tu ya hapa na pale, na ukiuza dawa hakuna anayekupa pole. Nimefurahi kusikia unanenepa kwa gharama za elimu ya juu.

Jengo limependeza. Cherehani kubwa imeingia, mlango ilibidi ung'olewe, na bango lako limepanda. Watu wanasimama kulisoma. Jirani mmoja ameshaleta kochi lake mlangoni, nimemwambia mwenyewe yuko kambini anafundishwa kuhama.

Kuhusu huo utepe, mwanzoni nilicheka kama wewe. Halafu nikiwa napanga dawa kwenye rafu nikakumbuka jambo, na kicheko kikanikauka. Mwezi wa nne dada alinipigia simu. Aliniuliza kama lile jengo umelikodi kweli au ni maneno. Nikamwambia ni kweli, hata funguo ninazo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ameamua?" Nikamjibu kwa furaha zangu zote kwamba ameamua. Akaniaga.

Wakati ule niliona ni swali la kawaida. Sasa sijui alikuwa ananiuliza nini. Wewe ulipokodi, hukumwambia?

Na Chiriku wamempa utepe gani?

Shemeji yako


Alhamisi, 10 Julai

Shemeji,

Salamu. Pole na mafua. Mimi mwili ni mzima, kichwa ndicho sijui.

Nilimwambia nimekodi. Nilimwambia siku niliyopewa funguo, nikitaka iwe habari ya kumfurahisha. Akasema hongera. Mtu akikwambia hongera utajuaje kama kuna neno jingine nyuma yake?

Umeuliza habari za Chiriku, na hapo ndipo palipo na kazi. Chiriku hana utepe. Kitambulisho anacho, jina lipo, utepe hakuna. Watoto wenzake wamemchagua kuwa mwenyekiti wa kundi lao, na ananiambia mwenyekiti asiye na utepe hasikilizwi hata na wa darasa la pili. Akaniburuta mpaka mapokezi nikadai haki yake.

Yule mama wa mapokezi ni mpole mno. Akanieleza kwamba makundi hawakuyapanga wao, kila mkuu aliwaambia mwenyewe familia yake iwekwe wapi. Profesa, maana ndivyo wanavyomwita dada yako hapa, alisema yeye anaendelea, muhula wa pili ameshaukubali. Mumewe anaondoka. Nikamuuliza na mtoto je. Akainamisha macho, akasema, "Tulimpigia kumuuliza. Alisema tumwache kwanza."

Nilimrudisha Chiriku kwa wenzake nikamwambia utepe wake unashonwa. Halafu nikaenda kukaa na kundi langu la wanaoondoka, na safari hii niliyasikia yale masomo kwa masikio mengine.

Nimeumia, shemeji, sitakuficha. Ninajiuliza kama nimeachwa. Mtu huachwa hivi, kwa kupangiwa semina? Na kama nimeachwa, mbona jana alinichagulia shati, mbona mezani ananihamishia nyama yake kama siku zote, mbona akilala ananiwekea miguu yake ya baridi? Ninamtazama, naye akiona namtazama anauliza kama nimekula nikashiba. Nimeshiba, namwambia. Hayo ndiyo mazungumzo yetu.

Wewe ni damu yake. Nieleze, nipo au sipo?

Shemeji yako


Ijumaa, 11 Julai

Shemeji,

Hujambo? Mimi mafua yamekwisha, sasa nina hasira.

Huo muhula wa pili nami nausikia kwako. Kwa hiyo tuko wawili tusiojua, na anayejua unalala naye chumba kimoja. Mimi siwezi kukujibia mambo ya ndoa kutoka nyuma ya kaunta. Muulize. Usimzungukezunguke, usiulize kama chai ina sukari. Muulize, "Unataka nini?" kisha ufunge mdomo usubiri.

Shemeji yako


Jumapili, 13 Julai

Shemeji yangu,

Natumaini hasira imepoa. Nimekutii, na sasa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuwa kabla sijatii.

Jana kulikuwa na matembezi ya mume na mke kwenye njia inayozunguka hoteli. Tulipofika kwenye benchi nikamwambia nimejua habari za muhula wa pili, na nimejua aliniweka kundi gani. Hakukana. Alikaa, akavua kiatu, akatoa kijiwe kilichokuwamo, akakaa nacho mkononi.

Akasema alipopata habari za jengo alijua nimeshaondoka bila yeye, limebaki kufunga mizigo tu. Baraza la chuo lilipomuuliza kama ataendelea, hakuona sababu ya kukataa. Angerudi nyumbani kwa nani? Kundi la kijivu aliniweka kwa wema, anasema, ili nikihama nisihame kama mtu asiye na mwenyewe. Nikamkumbusha kwamba tulikubaliana muhula mmoja, mimi nilikodi kwa sababu ya makubaliano yetu. Akasema anayakumbuka. Ila alikuja kuipenda kazi ile, akawa anangoja nimuulize tena.

"Kwa nini hukuniomba tu nibaki?" nikamuuliza.

Akanijibu, "Kwa sababu wewe hukatai. Ningekuomba ungesema sawa, na ningeishi miaka mingine mitano sijui kama unakaa na mimi au unanivumilia."

Shemeji, yale maneno yaliniingia. Nilimwonea huruma, nikajionea na mimi mwenyewe. Nikamshika mkono nikamwambia, "Basi sawa, nitabaki."

Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa chai. Akavaa kiatu chake akatangulia mbele hadi kwenye chakula. Nilichokosea mpaka sasa sijakijua. Alitaka nibaki, nimebaki. Mtu afanye nini zaidi?

Lakini nimeamua, na safari hii kwa vitendo. Ukishaisoma barua hii mrudishie mwenye jengo funguo zake. Mwambie fundi ashushe bango. Cherehani itafutie mnunuzi, ila usimpe yule jirani wa kochi, ataiua. Na tafadhali usimwambie dada yako, nataka aone mwenyewe kwamba sikusema kwa mdomo tu. Kesho ana kikao huko mjini, kwa hiyo hatakuwapo barua ikiondoka.

Nikiandika haya mkono ni mzito kidogo. Ni uchovu wa matembezi.

Shemeji yako


Jumatatu, 14 Julai

Shemeji,

Leo sina salamu ndefu. Uko salama, niko salama, na dada yuko hapa.

Kikao cha mjini hakikuwapo. Dada alimwomba dereva lifti, akaja amekaa mbele na marobota ya mashuka nyuma, na kwa sababu dereva alikuwa na mikono yote kwenye usukani alimpa yeye bahasha aishike. Ndiye aliyenikabidhi barua yako, kwa mkono wake, bado imefungwa. Akasema, "Hii imetoka kwa shemeji yako, bila shaka anakuulizia rangi." Nikaiweka mfukoni.

Akaniomba nimpeleke akalione jengo. Unajua kwamba hajawahi kuliona? Aliingia akazunguka polepole. Alishika cherehani, akafungua madirisha, akauliza jua huingia upande gani asubuhi. Kisha akasimama pale kwenye kona ya nyuma akasema hapa panatosha meza yake ya kuandikia, kama hutamfukuza kwa kelele. Nikamuuliza meza ya nini. Akasema asubuhi hii kabla hajaondoka amemwambia mwenyekiti wa baraza, kwa simu ya mapokezi, kwamba muhula wa pili hautaki tena. Mwenyekiti amekataa kulipokea jibu hilo, amempa hadi Ijumaa afikiri vizuri. Na mimi nisikwambie, maana anataka uone mwenyewe.

Nikamwacha nikatoka nje, nikajidai napiga hesabu na fundi, nikaifungua barua yako. Nikasoma habari za kurudisha funguo nikiwa nimezishika funguo zenyewe.

Nyinyi wawili mna nini? Mmoja kanituma nilifunge jengo, mwingine yumo ndani anapanga samani, na wote mmeniapisha nisiseme. Nimechoka kuwa mfuko wa siri zenu. Nilirudi nikamkuta amelikalia lile kochi la jirani, analia. Nikamuuliza analilia chuo au anakulilia wewe. Akasema hajui, na akasema uliposema utabaki hakusikia mtu ndani ya lile neno.

Barua yako sijamwonyesha na jengo sijalirudisha. Amelala kwangu, nimemwambia haondoki. Sasa nijibu swali moja, na nakuomba usinijibu kwa adabu. Ulipoandika kwamba unabaki, ulitaka kubaki, au ulikuwa unakubali tu?

Shemeji yako


Jumanne, 15 Julai

Shemeji,

Dereva ananingoja na gari limejaa, halina nafasi ya watu wawili. Mimi na Chiriku tunafuata kwa basi. Barua hii mpe dada yako aisome yeye. Ile ya Jumapili ichane.

Mwambie sitaki kubaki kwenye nyumba ile ya chuo. Sijawahi kuipenda. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikikaa ukingoni mwa viti vyake kama mgeni, na sikusema kwa sababu nilimwona anavyotoka asubuhi kwenda kazini, anatembea haraka kama msichana. Nataka kurudi nyumbani kwenye kazi yangu. Na sitaki aache chuo. Hilo nalo nalitaka kwa moyo wangu wote, si kwa kumridhisha.

Najua mambo hayo mawili yanagombana na sijui yatakaaje nyumba moja. Labda atakuwa huko chuoni na mimi nyumbani na tutamaliza nauli, labda tutakosana kabisa. Nimemuuliza Chiriku yeye anataka nini, akataka kwanza kujua kama jibu lake litahesabiwa. Nikamwambia ndiyo. Anafikiri.

Ila kama ameshika kalamu kumwandikia mwenyekiti, mnyang'anye. Mwambie amesikia vibaya kama alidhani mimi nakubali kila kitu. Asiache kazi yake kwa ajili yangu, nakataa. Na kubaki kule, nakataa pia. Mwambie mume wake amekataa mara mbili kwa siku moja, na yuko njiani.

Shemeji yako