Mkebe Uliobaki Juu ya Kabati

Changamwe, Mombasa

Kaka Nyamweya,

Salamu nakupa, ingawa mkono ni mzito. Mama anaendeleaje na kifua chake? Migomba ya nyuma ya nyumba ilisimama baada ya ile mvua ya mawe? Na Tata, baba yetu, mguu wake umeanza kuunga? Mimi ni mzima, na barua yako nimeipata.

Nakuandikia Kiswahili makusudi, si lugha yetu ya nyumbani, mama asije akasikia haya kabla hujamweleza mwenyewe.

Umeandika eti Tata amesema nisilale tena nyumbani kwake nikija likizo, kwa kuwa breki zangu zimemvunja mguu. Na dada yetu Kemunto ananiambia ulisimama kanisani siku ya Sabato, ukawaomba waumini wanisamehe. Loo! Kaka, huna haya?

Tukumbushane. Lile gari la mbio ulilonunua kwa mzungu aliyehama Sotik lilikuwa na injini kali na breki za baiskeli. Dramu zake kuukuu za breki zikipata moto mteremkoni, hazishiki. Ni wewe uliyenililia, "Mdogo wangu, hili gari litaniua." Nikatafuta breki za diski kutoka kwenye gari jipya lililopondeka, nikasafiri nazo kwa treni mpaka Kisumu, halafu basi, nimezipakata mpaka suruali ikaharibika. Siku tatu nililala chini ya gari lako pale Nyakoe, nikizifunga na kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, hadi pedali ikawa ngumu. Ukaliteremsha mpaka mtoni, ukarudi unacheka.

Ndipo nikakuonyesha kikopo cha mafuta ya breki. Nikakwambia pedi zikilika, mafuta hushuka. Ukiongeza, ongeza haya tu. Nikakuachia mkebe mzima. Nikakusihi, Kemunto akisikia, usitie maji ya sabuni kama mlivyozoea huko. Ukanijibu nini? "Ombati, umeshakuwa Mswahili wewe. Hapa kwetu tumetia sabuni miaka yote na magari yanasimama."

Basi ukatia. Usinibishie. Gari lilipovutwa hadi nyumbani Kemunto alifungua kile kikopo akakuta povu. Diski hupata moto mkali, kaka. Maji yalichemka kwenye mteremko wa Magwagwa, ukakanyaga mvuke mtupu, gari likagonga ukingo upande aliokaa Tata. Yalipopoa pedali ikarudi, nawe ukatangaza kwamba breki zina shetani. Tangu lini shetani akaoga kwa sabuni?

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu asiyesikia ni mkuu mwenyewe, na guu lililovunjika ni la Tata.

Nina hasira, sikufichi. Kulala kwa jirani nitavumilia. Lakini Tata hajui kusoma, na kwa kuwa wewe ndiye mkubwa, barua zangu zote unamsomea wewe. Sasa najiuliza, miaka yote hii amesikia maneno yangu au yako? Nilipomwandikia kwamba namkumbuka, ulimwambia? Hapa gerejini wenye magari ya mashindano hawatoki mpaka nikague breki zao kwa mkono wangu. Nyumbani kwetu mimi ndiye mvunja miguu.

Nisalimie shemeji, mkeo, ambaye najua anajua kila kitu na amenyamaza kwa ajili ya ndoa yake. Msalimu mjomba seremala aliyemchongea Tata magongo. Watoto wako wabusu, hawana kosa.

Barua hii labda utaificha. Ifiche. Ule mkebe wa mafuta ya breki bado uko juu ya kabati la mama, na bati la mdomoni halijatobolewa. Nimemwandikia Kemunto aushushe Sabato ijayo, amwekee Tata mikononi. Una siku hizo chache za kumwambia mwenyewe. Tata kusoma hajui, lakini mkebe ambao haujafunguliwa anaujua.

Ni mimi mdogo wako,
Ombati