Asili ya Mzee Khalfani

Dodoma, 3 Mei 2023

Baba, shikamoo. Mama hajambo? Na kifua chako? Mimi mzima, ila roho haijatulia. Kwa kuwa simu huisikii vizuri, barua nimempa dereva wa basi. Nimepata kazi ya ualimu, lakini nisipokuwa na kitambulisho cha taifa mwisho wa mwezi, nafasi anapewa mwingine. Afisa atakuja hapo Ujiji kuuliza asili yetu. Tafadhali, mjibu kwa ufupi.

Mwanao, Nasra

Ujiji, 9 Mei

Marahaba, mwanangu. Kifua kinapumua, Mama anakusalimu. Afisa kaja, kijana wa adabu. Kauliza, "Mzee, asili yenu?" Unajua sisi Wamanyema tukiulizwa hilo hatujibu tumekaa. Nikasimama, nikamtajia wazee wote, mpaka babu yangu Dunia aliyevuka ziwa kutoka Kongo kabla nchi hii haijapewa jina. Kaandika yote! Nikamwongezea kahawa.

Baba yako, Khalfani

Dodoma, 16 Mei

Shikamoo Baba. Natumai mmeamka salama. Huku hakuna usalama. Fomu imesimamishwa. Wameandika: "Asili Kongo, uraia una shaka." Nimezaliwa Ujiji, umezaliwa Ujiji, baba yako kazikwa Ujiji! Nenda ukaseme ulikosea, Dunia alizaliwa hapo hapo. Nakupigia magoti.

Mwanao, Nasra

Ujiji, 20 Mei

Marahaba, mwanangu. Hatujambo. Nilifika mpaka mlangoni kwao, nikarudi. Nani Ujiji hakuvuka? Waliovuka ndio walioujenga mji huu. Nikimkana babu yangu, nikifa nizikwe karibu na nani? Niombe lingine.

Baba yako

Dodoma, 24 Mei

Shikamoo Baba. Leo sikuulizi hali, naogopa jibu. Afisa kanipigia simu: "Mzee wako anasema Kongo. Wewe unasemaje?" Nikamwambia asikusikilize, akili zimekutoka, hata watu wa nyumbani huwatambui. Kwa kinywa changu hiki, Baba. Jumatatu anakuja kuhakikisha. Akikuuliza jina la baba yako, nakuomba usilijue.

Mwanao, Nasra

Ujiji, 30 Mei

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilinifika Jumapili. Afisa kaja jana. Kauliza jina la baba yangu, nikamtazama tu. Hakuridhika. Kauliza tena, "Una binti anaitwa Nasra?"

Nikasema sina mtoto. Mama yako akaangua kilio, na hapo ndipo afisa akaamini.

Baba yako, Khalfani