Sungura wa Dada Truphena

Jumatatu, 3 Machi 1958

Tena hajala. Nyasi nilizomwekea asubuhi kabla ya kwenda kazini ziko vile vile. Maji ameyamwaga. Mavi kila pembe. Nimesafisha sanduku, nimetandika gunia kavu, nimerudi kando ya reli kukata nyasi nyingine. Mikono inawasha.

Na sungura si wangu. Ni wa dada yangu Truphena. Hezron, mchumba wake, ndiye aliyemleta, sasa mnyama amekaa hapa wiki nzima. Lakini huu ni msimu wa mananasi. Truphena anaingia kiwandani alfajiri, anatoka jioni miguu imevimba na vidole vimeliwa na maji ya mananasi. Basi nani anakata nyasi? Mimi. Nani anafagia mavi? Mimi.

Amemwita Zawadi. Hezron anasema alimnunua kwa Mzungu wa shamba la kahawa kule Ruiru, anakofanya kazi ya dereva wa lori. Mwanaume mwingine angeleta kitambaa. Au sukari.

Jumanne, 4 Machi

Hajala. Sikio lake moja limepasuka kwenye ncha, jeraha la zamani, limepona. Ananitazama kama mtu anayengojea mwingine.

Truphena amemshika kidogo, akamwita “mtoto wangu”, akalala na viatu miguuni.

Alhamisi, 6 Machi

Wambui, jirani anayeuza mboga, alinikuta nikimsemesha mnyama kwa hasira. Akacheka.

“Ngai! Sungula hapewi nyasi ya umande. Tumbo itajaa hewa, atakufa. Acha ikauke kidogo kwa kivuli. Na umpatie micege.”

Micege ni yale majani yenye mbegu za kushika nguo. Yamejaa nyuma ya vyoo. Nimechuma fungu zima, nikayaacha yanyauke, nikamwekea. Hakugusa. Nikachoka. Nikaokota jani moja nilitupe, akalinyakua vidoleni mwangu. Nikachukua la pili. Akala. La tatu. Akala. Nikayaweka chini, akaacha.

Kumbe anataka kulishwa kwa mkono, jani kwa jani, kama bwana mkubwa. Nimechuchumaa mpaka magoti yakafa ganzi. Nimechelewa kwenye duka la ushonaji, na tajiri amenisema mbele ya mafundi wote. Nilikuwa na mbegu za micege kwenye sketi. Ningesema nini? Nilikuwa namlisha sungura?

Jumapili, 9 Machi

Hezron amekuja. Huja Jumapili moja, akakosa inayofuata. Anasema ni kazi. Shati jeupe, tai, kofia ameishika mkononi. Mkate mzima chini ya kwapa. Truphena alikuwa amejipaka mafuta tangu tutoke kanisani.

Nilimuuliza ni nani aliyemzoesha sungura kulishwa kwa mkono. Akasema sungura ni sungura, mpe nyasi. Nikasema hali nyasi akiwekewa. Akacheka, akaomba chai. Hajui hata kumshika. Alimwinua kwa masikio, mnyama akapiga mateke, nikampokonya.

Truphena akasema angependa siku moja aone anapoishi. Akajibu kwamba msimamizi wa kambi ya wafanyakazi hataki wageni wanawake, mpaka baada ya harusi. Harusi ni baada ya Pasaka. Truphena akaitikia kama mtoto wa shule.

Nilipokuwa naosha vikombe niliwasikia wakicheka nje. Nina wivu. Basi, nimeandika. Si kwamba namtaka Hezron. Ni kwamba tangu tutoke nyumbani Kakamega tumekuwa wawili, kitanda kimoja, sufuria moja, na sasa nitabaki na chumba na kodi na ukimya. Na labda na sungura.

Jumatano, 12 Machi

Siafu. Nimetoka asubuhi kwenda kuteka maji nikakuta mstari mweusi unapanda sanduku. Sungura anarukaruka, anapiga chini kwa miguu ya nyuma. Nimewachoma kwa majivu ya moto, nimemwaga mafuta ya taa, nimemtoa siafu mmoja mmoja kwenye manyoya huku wengine wakinipanda miguuni. Nimeumwa mpaka mapajani. Nimelia kwa hasira, si kwa maumivu.

Hawezi kulala nje tena. Nimeingiza sanduku ndani, kati ya kitanda na cherehani. Chumba kinanuka mkojo wa sungura. Truphena anasema hasikii harufu. Anayenuka mananasi tangu Januari atasikia nini?

Ijumaa, 14 Machi

Ametafuna gauni la harusi.

Nimelishona tangu Krismasi. Kila jioni, baada ya kushona nguo za watu mchana kutwa. Kitambaa cheupe nilichochagua mwenyewe kwa Mhindi, baada ya kukataa vingine vyote. Jana nilikunja pindo, nikalitundika kwenye kiti. Leo nimerudi nikakuta mlango wa waya wa sanduku uko wazi, sungura amekaa chini ya kiti, mdomo unatembea. Pindo la mbele limeliwa mpaka karibu na goti. Vipande vingine ametandika pembeni kama kiota.

Nilipiga kelele, Wambui akaja mbio akidhani mtu amekufa. Nilitaka kumshika huyu mnyama shingo. Wambui akaniambia niketi.

Truphena aliporudi alilishika pindo lililoliwa, akaketi nalo kitandani. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alilia kimya, halafu akasema: “Mpeleke kwa Hezron. Amtunze huko mpaka siku yenyewe.” Nikamkumbusha habari ya msimamizi na wageni. Akasema mimi si mgeni, mimi ni shemeji. Yeye kesho yuko kazini. Mimi Jumamosi natoka mchana.

Tena mimi. Kila kitu mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika yote, hata kama mkono umechoka.

Nilimtia sungura kwenye kikapu chenye kifuniko, nikafunga kwa leso. Nikapanda gari la moshi. Alikojoa kabla hatujaacha stesheni ya Thika, ikapenya mpaka kwenye sketi yangu nzuri. Mama mmoja akasogea mbali nami. Ruiru, askari wa stesheni akataka kujua nimebeba nini. Nikafunua, masikio yakachomoza. Alicheka mpaka akasahau kuniuliza karatasi ya ruhusa ya kusafiri.

Kutoka hapo ni mguu, katikati ya miti ya kahawa. Jua kali. Kila hatua nilikuwa namlaani Hezron na zawadi yake. Nikakuta wanawake wanapalilia. Nikauliza nyumba ya Hezron dereva.

“Ile pale. Yenye nguo za watoto kwenye kamba.”

Nikasema hapana, huyu wangu hana watoto. Wakatazamana. Mmoja akasema, kwa upole, dereva anayeitwa Hezron hapa ni mmoja tu. Na leo amepeleka kahawa Nairobi.

Ningeweza kurudi stesheni. Nilisimama pale nikafikiria hivyo. Lakini kikapu kilikuwa kizito na nilikuwa nimeshachoka na huyo sungura. Hiyo ndiyo sababu ya kweli iliyonifanya niendelee.

Mlangoni palikuwa na mwanamke akipepeta maharagwe. Kabla sijapiga hodi, msichana mdogo akatokea nyuma ya nyumba, labda wa miaka sita. Akaona masikio kwenye kikapu. Akaona lile lililopasuka.

“Simba! Mama, ni Simba! Mbwa hakumla!”

Alimtoa bila kuniuliza. Akamshika sawasawa, mkono mmoja chini ya matako. Akaketi mavumbini, akanyoosha miguu, akachuma jani lililokuwa karibu na ukuta, akamwekea mdomoni. Akala mara moja. Akala upesi, bila kumtazama mtu mwingine. Mimi nilisimama na kikapu kitupu.

Mwanamke alimtazama sungura, halafu mimi, halafu viatu vyangu.

“Umemtoa wapi?”

“Thika. Hezron alimpa dada yangu.”

“Alimwambia binti yangu Rodha kwamba ameliwa na mbwa. Mtoto ametafuta mifupa kwenye kahawa siku ngapi.” Akaacha kupepeta. “Dada yako ni nani kwake?”

Sikujua namna ya kulisema vizuri. Nikasema mchumba.

Akaweka ungo chini polepole, asimwage maharagwe.

“Harusi lini?”

“Baada ya Pasaka.”

“Kanisani?”

“Kanisani.”

“Sisi pia ilikuwa kanisani,” akasema.

Nilingoja anitukane. Ningepokea. Badala yake akaingia ndani, akatoka na kikombe cha uji. “Kaa chini, dada, unywe. Umetembea jua lote hili.” Nikanywa. Ulikuwa uji wa wimbi, mzuri. Mtoto akauliza kama Simba ataondoka tena. Mama yake akarudi kwenye maharagwe. Nikajibu mimi. Nikasema hapana.

Truphena aliporudi jioni aliuliza, “Amepokewa?” Nikasema amepokewa. Akasema asante, akalala. Mimi ni mwoga.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia. Baada ya kanisa, tukiwa tunashuka kuelekea mto Chania, kwa sababu chumbani kuta ni nyembamba. Nilisema yote, hata uji.

Alisema naongopa. Alisema nimemwonea wivu tangu siku ya kwanza. Alisema nilimtupa sungura mahali nikatunga hadithi. Hilo la wivu lilinichoma kwa sababu ni kweli. Nikakosa maneno, na kukosa kwangu kukaonekana kama uongo.

Alirudi peke yake.

Jumanne, 18 Machi

Hasemi nami. Anapika chakula chake, anakula akinipa mgongo. Chumba hiki ni kidogo mno kwa watu wawili wasiosemezana. Lile gauni bado liko kwenye kiti, hakuna anayelikunja.

Nimekasirika naye kuliko nilivyomkasirikia Hezron. Nimembebea mnyama, nimeumwa na siafu, nimekojolewa, nimekunywa uji wa mke wa mtu, halafu mwenye makosa ni mimi. Leo nikitoka chooni nimechuma micege, mkono umechuma wenyewe tu. Nikaitupa.

Ijumaa, 21 Machi

Truphena amemuuliza Wambui kama niliwahi kumwomba afiche sungura. Wambui amekuja kuniambia, amekasirika kwa niaba yangu. Nimemwambia aache.

Jumapili, 23 Machi

Hezron amekuja.

Nilidhani hatathubutu. Amekuja na mkate, na tai ile ile, na maneno tayari. Hakunisalimu. Akamwambia Truphena kwamba yule mwanamke ni mjane wa ndugu yake, kwamba anawasaidia tu yeye na watoto, kwamba watu wa kambini wana midomo. Alisema vizuri sana. Alisema kama mtu aliyesafiri akirudia yale yale njia nzima. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nikajifanya napanga uzi. Nilimwona Truphena akiitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Akamwekea chai. Akamkatia mkate. Moyo wangu ukaanguka. Nikajua amemwamini, na kwamba nimempoteza dada.

Halafu Truphena akaketi mbele yake, mikono mapajani.

“Rodha hajambo?”

Hezron akamega mkate. Akasema hajambo.

“Ulimwambia sungura ameenda wapi?”

Akaanza kueleza tena habari za ndugu yake. Truphena akangoja amalize.

“Sikuulizi hilo. Nauliza mtoto uliyemnyang'anya sungura ulimwambia nini.”

Hezron alitazama kikombe. Alinitazama mimi, kwa mara ya kwanza, kama kwamba ningemsaidia. Kwa mke alikuwa na jibu. Kwa hili hakuwa nalo. Nafikiri hakujua kwamba mtu anaweza kuulizwa jambo kama hilo.

“Mtoto ni mtoto tu,” akasema mwishowe. “Anasahau.”

Truphena akasimama, akachukua kofia ya Hezron pale kitandani, akampa. Hakupaza sauti. Alimwambia asije tena, wala asimpitie kiwandani. Akafunga mlango. Tulisikia viatu vya Hezron vikienda mpaka barabarani.

Truphena akaniambia, bila kunitazama, “Ulikuwa unajua kwamba aliwahi kuniambia anapenda watoto?” Sikuwa najua. Hakuomba msamaha, nami sikuudai. Nilitaka kuudai. Sikuudai.

Jumatano, 26 Machi

Mvua imeanza. Imenyesha tangu mchana, njia ya kutoka kiwandani yote ni tope. Truphena amefika amelowa, akavua viatu mlangoni, akakaa karibu na jiko.

Nimepika ugali na kunde. Ameonja, akasema ugali wangu ni mwepesi kama uji, kwamba mama angeniona angeona haya. Nikakasirika. Nikamwambia kesho apike yeye. Akasema atapika.

Akala. Akaongeza.