Uloto wa Masele

Jumatatu, 6 Januari
Sare tu. Sketi za bluu mpaka macho yanauma. Shule zinakaribia kufunguliwa na wazazi wote wa mtaa wetu wa Cheyo, hapa Tabora, wamekumbuka leo. Simu ya hospitali ya Dodoma imenikuta na pini mdomoni. Vipimo vimetoka: uloto wangu, ule wa ndani ya mifupa, unaoana na wa mdogo wangu Masele. Ana selimundu tangu utotoni. Wakimtilia uloto wangu, mifupa yake itaanza kutengeneza damu nzima. Nimefurahi. Nimeshona sketi moja nje ndani.

Jumatano, 8 Januari
Mtaa umeshajua. Mama hawezi kunyamaza. Wateja wamenieleza yatakayonipata: nitapooza, sitazaa, nitazeeka mapema. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mtu aliyetoa uloto. Daktari alishaniambia unajirudishia wenyewe mwilini. Nimewajibu vibaya. Mmoja kaondoka na kitambaa chake. Aende zake.
Lakini naogopa. Sindano za hospitali sizitaki kabisa, na mimi fundi cherehani!

Jumamosi, 18 Januari
Basi tangu alfajiri. Igunga tumekula wali. Mama kabeba dumu la asali, eti asali ya huko tuendako ni sukari iliyoyeyushwa. Masele kacheka mpaka kakohoa. Dodoma joto na upepo. Nimechoka, roho nyeupe.

Alhamisi, 23 Januari
Daktari kaniuliza tena kama nimekubali kwa hiari yangu. Nimekubali. Ndipo Masele akaanzishiwa dawa kali. Zinaua uloto wake wote ili wangu upate nafasi. Mpaka jana ningeweza kughairi. Kuanzia leo nikighairi, anakufa. Daktari kasema hivyo hivyo, bila kupamba.
Sasa mtu akipiga chafya nahama benchi, nisije nikaugua.

Alhamisi, 30 Januari
Nina hasira mpaka mwandiko umeharibika. Niliambiwa nisile chochote tangu jana usiku. Alfajiri Mama kaja na bakuli la asali. Asali si chakula, kasema, ni dawa. Nami nikalamba! Kwetu hakuna anayeuliza. Homa asali, kikohozi asali, mzazi asali.
Mlangoni pa chumba cha upasuaji daktari wa usingizi kauliza nimekula nini. Sijala kitu, nikasema, na niliamini. Muuguzi kanitazama kidevuni. Ni Mzaramo, mtani wetu. "We Mnyamwezi, hii inayonata ni nini?"
Wameahirisha. Labda mchana, kama chumba kitapatikana. Masele yuko peke yake nyuma ya kioo, uloto wake umeshakufa, wangu bado umo humu kiunoni. Nimemfokea Mama mbele za watu. Ameanza kulia pale ukumbini. Najiona mbaya.
Muuguzi kamkalisha, kamwambia Wazaramo walilijua hili tangu enzi za misafara: Mnyamwezi mpe mzigo, ataufikisha pwani, lakini maagizo usimpe, atayapoteza njiani. Mama kacheka huku machozi yanamtoka, kamjibu kwamba Wazaramo walikuwa wanangoja pwani wamekaa tu. Ningeyasema mimi hayo ningelaaniwa. Mtani anaruhusiwa.
Saa nane. Wananiita. Ee Mungu.

Ijumaa, 31 Januari
Nimeamka. Naweza kutembea. Juu ya makalio panauma kama nimepigwa teke na punda. Hakuna kilichochanwa, ni matundu ya sindano tu, na nilikuwa usingizini.
Uloto wenyewe ni mfuko mmoja wa kitu chekundu kizito. Masele katundikiwa kama dripu. Nilitegemea jambo kubwa zaidi. Kaniinulia kidole gumba kupitia kioo.
Nimemwomba Mama msamaha. Kasema ninywe chai kabla haijapoa.

Jumatano, 19 Februari
Uloto umeshika! Chembe za damu zinapanda. Mtani wetu katangaza wodi nzima kwamba damu ni yangu, sasa kijana naye atakuwa mkali, wajiandae. Mama kaimba wimbo wa kanisani mpaka kaombwa apunguze sauti.
Mimi nimelala mchana kutwa. Sijalala hivyo tangu tufike.

Jumanne, 8 Julai
Tabora. Baridi kali asubuhi. Mama kaamka kuwasha jiko, maji ya Masele ya kuoga. Miaka yote ni hivyo. Maji baridi yalikuwa yanamlaza wiki nzima, analia maumivu ya mifupa.
Kamkuta uwani anajifuta, anapiga mluzi. Ameshaoga, maji ya bomba. Mama kanitazama. Nami nikamtazama.
Tumemvizia mpaka jioni, tukingoja maumivu yaanze. Kala, kalala kidogo, kaniudhi kuhusu redio, katoka kwenda kutazama mpira.
Yale maji ya moto kaoga Mama.